Tuandike Jina Gani?

Swali linalowachelewesha watu kuliko yote katika steshenari yangu hapa Kilosa mjini ni fupi sana: tuandike jina gani? Mtu ameingia mbio, bodaboda inamsubiri nje, anataka barua pepe ili ajaze maombi ya kazi serikalini au maombi ya mkopo wa chuo. Majina yake matatu ameyataja bila kusita, lake, la baba na la babu, kwa kuwa ndiyo yaliyo kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye kitambulisho cha NIDA. Nayaandika. Mashine inajibu kwamba jina hilo lina mwenyewe. Nayageuza, la mwisho linakuja mwanzo. Nalo lina mwenyewe. Basi namgeukia na kumuuliza, naye ananyamaza. Watu wazima waliozaa na kulea wanakaa kwenye kile kiti cha plastiki wakitazama ukutani, kwa sababu hawajawahi kuulizwa swali hilo tangu wazaliwe.

Jina la kwanza walipewa na wazazi au na bibi. La pili na la tatu waliyarithi. Akina mama wengi wa huku waliongezewa jingine siku walipojifungua mtoto wa kwanza, wakawa Mama Fulani hadi leo. Hakuna aliyewashirikisha. Na ukitaka kurekebisha hata herufi chache, maana mwalimu wa darasa la kwanza aliandika Athumani na cheti cha kidato cha nne kinasema Othman, utakwenda kwa wakili au mahakamani kula kiapo, ulipie, ugongewe muhuri. Mtandaoni hakuna anayekudai muhuri. Unaulizwa tu unataka kuitwa nani.

Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo kwa muda mrefu, nikisikiliza kinachotoka baada ya ule ukimya, na kuna jambo nimeliamini kwa dhati. Mtu akipewa nafasi ya kujitaja mwenyewe, hutaja kile ambacho cheti chake kilikiacha nje. Ndiyo maana nakasirika nikisikia watu wazima wakisema majina ya mtandaoni ni upuuzi wa vijana. Nimeomba ruhusa kwa baadhi ya wateja wangu, na kwa wateja wa mdogo wangu mwenye duka la huduma za simu kule Mikumi, niwasimulie majina yao yalikotoka. Herufi nimezigeuza hapa na pale ili mtu asitafutwe.

Kwanza nieleze kwa nini mashine inakataa, maana wengi huondoka wakidhani mimi ndiye ninayekataa. Mtaa wa Magomeni hapa Kilosa unaweza kuwa na akina Juma watatu na wakaishi bila tatizo. Mmoja ni Juma fundi, mwingine Juma mrefu, wa tatu Juma wa relini, na ukimtuma mtoto akamwite mmoja wao, anajua aende nyumba gani. Mtandao haumjui mtu kwa urefu wala kwa kazi, unajua maandishi tu. Mwaka 1971, Mmarekani Ray Tomlinson alipotuma barua pepe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, alichagua alama ya @ itenganishe vitu viwili: kushoto jina la mtu, kulia mashine anayoitumia. Utaratibu huo ndio tulio nao hadi leo. Jina la kushoto ndilo anwani, na anwani moja haiwezi kuwa ya watu wawili. Barua ingekwenda kwa nani? Zamani mashine moja ilikuwa na watumiaji wachache wanaofahamiana. Leo kampuni moja ina wateja dunia nzima, na Juma wa Kilosa anagombea jina na akina Juma wa Mombasa, Bujumbura na Muscat.

Kila kampuni ina masharti yake. Gmail inataka herufi zisizopungua 6 wala kuzidi 30, na nukta unazoweka katikati haizihesabu kabisa. Instagram inakubali hadi 30, pamoja na nukta na mstari wa chini. X, ile iliyokuwa Twitter, inakomea 15, ndiyo maana majina ya huko yamebanwa. Kuacha nafasi kati ya neno na neno hakuruhusiwi popote kati ya hizo tatu. Kisha kuna jina la pili, lile la herufi nzito linaloonekana juu ya ukurasa wako. Hilo unaweza kulitumia pamoja na watu elfu. Mimi nazungumzia la kwanza, lisilo na pacha, lile ambalo vijana wakikutana stendi wanaulizana, "Insta unajiita nani?"

Jina likiwa na mwenyewe, mashine hupendekeza tarakimu, na mimi napigana na tarakimu hizo. Mtu anatoka dukani na jina lake na 4471 mgongoni, kesho halikumbuki, kesho kutwa amerudi kufungua jingine. Wengine huongeza mwaka wa kuzaliwa, na mwaka huohuo wameufanya neno la siri, kwa hiyo mwizi hana hata kazi ya kubahatisha. Nawaambia wateja wangu wajiulize majirani wangewatofautisha vipi na mwenye jina kama lao, kisha waandike hivyo.

Aliyenielewa upesi kuliko wote alikuwa mzee mstaafu wa reli. Aliletwa na mjukuu wake wa kidato cha tatu. Nikamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, "Marahaba mwanangu," akaiweka simu mezani kwa mikono miwili. Alitaka kuingia Facebook awatafute wenzake aliofanya nao kazi. Ujana wake wote aliumalizia kwenye magenge ya kutunza njia kati ya Kilosa na Gulwe, ile sehemu ya Munisagara, Mzaganza, Kidete na Godegode, ambako reli ya kati imebanwa na mto Mkondoa. Wajerumani waliipitisha bondeni humo mwanzoni mwa karne iliyopita, na mvua kubwa zikija mto unabeba tuta, reli zinabaki zinaning'inia, magenge yanaitwa usiku. Ukitaka kumwona mzee huyu akisimama wima, mtajie Godegode.

Mjukuu akaanza kumwandikia majina yake matatu. Mzee akamzuia. "Hao watu wa Tabora na Kigoma hawanijui hivyo. Andika Kiberenge."

Kiberenge, kwa msomaji asiyekaa karibu na reli, ni kile chombo kidogo kinachopita juu ya reli kikibeba mafundi na vifaa vyao kwenda kukagua njia. Yeye ndiye alikuwa mwendeshaji. Genge lilimwita hivyo, wake wa wenzake walimwita hivyo, na watoto wa kambini walimkimbilia wakiliimba jina hilo. Majina ya cheti yalitajwa siku ya mshahara tu, na karani. Akaunti tukaiandika babukiberenge, na picha akaweka ya ujanani, ya nyeusi na nyeupe, ambayo mjukuu aliipiga kwa simu kutoka kwenye fremu. Haukupita muda mrefu, mtu wa Kaliua akamwandikia: "Kiberenge, kumbe ungali hai?" Mzee alikuja dukani tuone. Alimtaka mjukuu asome tena, kisha tena, halafu akaanza kututajia waliokuwa kwenye genge hilo, mmoja baada ya mwingine, nani alikuwa mpiga ngoma, nani aliumwa na nyoka Kidete akapona.

Angejiandika kwa majina ya NIDA, ambayo serikali inamtambua nayo, yule wa Kaliua asingempata kamwe. Ninawasimulia hili wale wanaodhani jina la kujipa ni la kukwepa watu.

Na kwetu hapa kujulikana kwa jina lisilo la kuzaliwa ni jambo la kale kuliko umeme. Bonde hilohilo la Mkondoa lilikuwa njia ya misafara ya kutoka pwani kwenda bara. Mwaka 1857 walipita wasafiri Waingereza Burton na Speke, na kati ya watu waliowategemea sana alikuwamo Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, akatekwa akiwa mdogo, akauzwa, akapelekwa India, na aliporudi Zanzibar akiwa huru alirudi na jina la mji wa ng'ambo. Mwaka 1871 akapita tena bondeni humu na msafiri mwingine, Stanley, safari hiyo akiwa nahodha wa askari wa msafara. Alitembea sehemu kubwa ya bara hili, na historia inamtaja kwa jina la mji ambako hakuzaliwa.

Hata Morogoro, mji kasoro bahari, umewahi kujipa majina ya mbali kwa hiari na kwa furaha. Salum Abdallah, aliyefupisha majina yake matatu, Salum Abdallah Yazidu, yakawa SAY, aliiita bendi yake Cuban Marimba kwa mapenzi ya muziki wa Kuba. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz akajulikana kama Soloist National kwa vidole vyake kwenye gitaa. Baadaye akaja Selemani Msindi na rap zake, na nchi nzima ikamjua kama Afande Sele. Na washairi wa gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, walikuwa na desturi ya kutia sahihi kwa majina ya kubuni na kujibizana kwayo. Kijana anayekaa kwenye kiti changu cha plastiki akiwaza ajiite nani yuko kwenye foleni ndefu yenye watu wazito mbele yake.

Ukitoka Kilosa kwenda Mikumi kwa barabara ya ndani unapita kata iitwayo Ulaya. Ndiyo, Ulaya, yenye mahindi, mpunga na mbuzi barabarani. Binti mmoja wa huko, aliyemaliza chuo cha ualimu, alijiita binti_wa_ulaya, na kila wiki anapokea ujumbe kutoka kwa wageni wanaomwomba awasaidie kupata viza. Nilimuuliza kama hachoki. Alisema anawajibu wote kwa picha ya shamba la baba yake, na kwamba hataliondoa jina hilo, kwa sababu kwao wamezaliwa mababu wanne Ulaya hiyohiyo na hakuna mwenye haki zaidi ya kulitumia.

Mikumi yenyewe ni mji wa watu wanaopita. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inakatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye eneo la kilometa za mraba 3,230, na ukishatoka hifadhini unafika mjini, penye njia panda ya kwenda Kidatu na Ifakara. Malori ya Zambia na Kongo yanalala hapo. Kila lori lina neno juu ya kioo cha mbele, na madereva wanaitana kwa neno hilo kwenye makundi yao ya WhatsApp. Wakihama gari, wengine wanahama nalo jina, wengine wanaliacha kwa dereva mpya pamoja na sifa na madeni yake.

Karibu na stendi yuko mama lishe anayewapikia madereva hao. Kila mtu anamwita Mama, likifuatiwa na jina la mwanawe wa kwanza, ambaye sasa ni mtu mzima na anaishi Dar es Salaam. Mama huyu anatengeneza achari ya embe na pilipili ya kusaga, tamu kweli, na abiria wakawa wanamwomba awatumie kwa basi. Akaamua kufungua Instagram. Mdogo wangu akaanza kuandika m-a-m-a. Mama akaweka kiganja juu ya simu. "Hapana mdogo wangu. Andika GS."

Mdogo wangu akadhani ni kifupi cha jina la biashara. Haikuwa hivyo. Shuleni alicheza mpira wa pete, na GS ndiyo herufi mbili zinazokaa kifuani mwa mfungaji. Katika mchezo huo wachezaji wawili tu, GS na GA, ndio wanaoruhusiwa kutupia golini, na yeye kwa urefu wake alikuwa hakosi. Alifika hadi mashindano ya UMISSETA ya mkoa. Anakumbuka rangi ya jezi, anakumbuka uwanja ulivyokuwa na vumbi, anakumbuka wasichana wa shule nyingine wakiambiana kwa sauti, "Mkabeni GS!" Halafu akapata ujauzito, akaacha shule. Serikali ilipotangaza Novemba 2021 kwamba wanafunzi waliojifungua wanaruhusiwa kurudi darasani, yeye alikuwa ameshapika wali wa miaka mingi.

"Mwanangu nampenda, na kuitwa kwa jina lake naona fahari," alimwambia mdogo wangu. "Ila kabla yake nilikuwa mtu, na huyo mtu alikuwa anafunga."

GS peke yake lilikuwa limeshachukuliwa, bila shaka, kwa hiyo likawa gs_wa_mikumi. Mumewe aliuliza GS ni nani, akaelezwa, akacheka, kisha akaomba aonyeshwe jinsi alivyokuwa akitupia. Wakaenda nyuma ya nyumba na ndoo.

Tatizo lilikuja kwenye malipo. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na sasa tumezoea kwamba ukituma hela unaona kwanza jina la mwenye namba. Na tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, jina linalotokea ni lile la NIDA. Mteja wa Mbeya anataka kumlipa GS, anaona majina matatu asiyoyajua, anashtuka. Ana haki ya kushtuka: nchi hii nzima imepokea ule ujumbe wa matapeli, ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani. Mama akapata suluhisho lake. Ameandika juu kabisa ya ukurasa wake majina yake matatu na kwamba huyo ndiye GS. Wateja wakimpigia, wengine wanaanza kwa la NIDA, wengine kwa GS, na anaitikia yote mawili kwa sauti ileile.

Waongoza watalii wa Mikumi wana shida tofauti. Wageni ni wengi siku hizi, wengine wanatua kwa ndege ndogo Kikoboga asubuhi wakitokea Zanzibar na kurudi jioni, na muongozaji anataka akumbukwe na mgeni aliyekaa naye saa chache. Wengi walikimbilia simba na tembo, wakajikuta wanapishana kwa tarakimu. Mmoja wao, mjuzi mkubwa wa ndege, aliliacha la simba akachukua hondohondo, ndege yule wa mdomo mkubwa. Wageni wanalitamka bila shida, watoto wao wanalirudia gari zima.

Mikumi iliwahi hata kuwa na mbunge mwenye jina la kujipa. Joseph Haule alianza muziki katika kundi la Hard Blasters akijiita Nigga J, jina la kuiga la zama zile ambapo rap yetu ilikuwa bado inatazama Marekani. Mwaka 2001 alipotoa albamu yake mwenyewe, Machozi Jasho na Damu, alikuwa amelivua na kuvaa la Professor Jay, na kwa jina hilo akaimba Ndio Mzee, wimbo wa mgombea anayeahidi kila kitu mbele ya umati. Mwaka 2015 akagombea kweli, akawa mbunge wa Mikumi hadi 2020. Bungeni alikuwa Mheshimiwa Joseph Haule. Barabarani, Profesa. Vijana wangu wa Kilosa huniuliza kama ni aibu kubadilisha jina ambalo rafiki zako wameshalizoea, na mimi huwatajia mtu huyu. La kwanza lilikuwa la kuazima. La pili lilimtaka aishi kulifikia, na nadhani hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote ambayo jina la kujipa linaweza kufanya.

Kuna wanaochagua jina ili wasijulikane, na hao pia nawatetea. JamiiForums, jukwaa la mtandaoni lililoanza mwaka 2006 kwa jina la JamboForums, iliwazoesha Watanzania kujadili siasa, maradhi na ndoa kwa majina ya kubuni. Mwezi Desemba 2016 mwanzilishi wake, Maxence Melo, alikamatwa na kufikishwa mahakamani kwa kutotoa taarifa za wanachama polisi walizozitaka. Kesi zilikwenda kwa miaka. Mwaka 2019 shirika la kutetea wanahabari la CPJ lilimpa tuzo, na mwaka 2020 mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani katika kesi moja, adhabu ikiwa faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Mtu huyo alikaa mahabusu kwa sababu ya majina ya watu wengine. Nikiyafikiria hayo, siwezi kusema jina la kubuni ni mchezo.

Na si lazima uwe na siri ya serikali. Ninaye mteja, binti mwenye kichwa cha mpira kuliko kijiwe kizima cha kahawa hapa mjini. Alikuwa akiandika uchambuzi wa mechi za Simba na Yanga kwa jina lake na picha yake. Hakuna aliyejibu hoja. Walijibu sura yake, nguo zake, wakamuuliza ameolewa. Akafuta yote, akarudi kama kipenga_cha_mwisho, akaweka picha ya filimbi. Uchambuzi uleule, maneno yaleyale. Sasa wanabishana naye juu ya mtego wa kuotea na kumwita kaka. Amepata wasomaji anaowastahili, na mimi nafurahi kwa ajili yake, lakini hasira haijaniisha. Binti asingepaswa kuwa filimbi ili asikilizwe.

Kujificha kwa tapeli ni kitu kingine, na tofauti yake ni rahisi kuiona: tapeli hachukui jina lake la kubuni, anachukua lako. Ananakili picha ya mwalimu mkuu au ya mchungaji, anaongeza mstari wa chini mmoja kwenye jina, anaanza kuomba hela kwa waumini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine. Soma jina herufi kwa herufi kabla hujatuma hata shilingi, mpigie mwenyewe kwa namba unayoijua tangu zamani, na namba ya tapeli itume bure kwenda 15040. Ukibonyeza *106# utaona pia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Wazee kadhaa nimewakutia laini wasizozijua.

Jambo moja nawaomba wasomaji walifanye leo: mwambie mtu mmoja wa nyumbani unajiita nani mtandaoni. Facebook inaweza kuigeuza akaunti ya marehemu kuwa ya kumbukumbu ndugu wakiomba na kuthibitisha kifo, lakini lazima waijue akaunti yenyewe. Mama mmoja wa Kimamba alikuja na cheti cha kifo cha mwanawe, na kumbe hakuwahi kujua kijana alijiitaje. Tulitafuta kwa majina yake matatu hatukuona kitu. Rafiki yake ndiye aliyetupa jina. Lilikuwa jina la utani ambalo mama mwenyewe alimwitia alipokuwa mchanga, na yeye alidhani mtoto alishalisahau.

Jina ninalolipenda kuliko yote niliyoandika ni la dereva bodaboda wa hapa Kilosa. Mwishoni mwa Desemba 2009 mvua zilinyesha milimani, Mkondoa ukavunja kingo, na maji yakaingia mjini. Maelfu ya watu walikosa makazi, reli ikabebwa, na familia nyingi ziliishi kwenye mahema kwa muda mrefu kuliko hema linavyoweza kuvumilia jua la Kilosa. Yeye alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Waliokuwa na nyumba bado waliwaita wenzao watoto wa mahema, na lilikuwa tusi. Ukichelewa namba, mtoto wa hema. Sare ikiwa na tope, mtoto wa hema. Alipigana mara nyingi kwa sababu ya jina hilo.

Alipokuja kufungua Instagram, mtu mzima mwenye pikipiki yake mwenyewe, hakunyamaza hata sekunde moja. "Andika mtotowahema." Nilimtazama. Mimi pia nilikuwapo mwaka ule, najua hema lilikuwa nini. Akaniambia, "Dada, wakiniita wao linauma. Nikijiita mimi, wanabaki hawana la kuniambia."

Mwaka jana alikuja kuomba kazi katika reli mpya ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 na yenye kituo hapa kwetu. Nilimshauri afungue barua pepe nyingine kwa majina yake matatu, kwa sababu anayepanga maombi ya kazi anataka kuona kitu kinacholingana na vyeti, naye akakubali. Hiyo ya kazi inafanya kazi yake. Akaunti ya Instagram hakuigusa. Abiria wake wengi ni wauguzi wanaotoka zamu ya usiku, na wakitaka kupelekwa nyumbani wanapiga simu na kumwita kwa jina hilohilo: Mtoto wa Hema, njoo getini.